Wapangaji Kumi na Mmoja

Jumanne, 7 Machi

Meneja amehama. Hajaenda mbali. Hatua tisa, nimezihesabu, kutoka chumba chetu hadi chumba cha Kitindamimba, binti yetu wa mwisho, aliyeolewa akatuachia kitanda chembamba na kioo kilichobandikwa maua. Amechukua mto, shuka mbili, redio na mafuta yake ya miguu. Mimi hakunichukua.

Meneja ni mke wangu. Nimemuuliza, kulikoni? Kasema ananuka, hataki kumnukia mtu.

Mtu gani? Mimi pua sina! Miaka arobaini nimesuka nyaya za mota, nimevuta moshi wa vanishi na wa koili zilizoungua mpaka pua ikafa ikazikwa. Ukinitia panya mfu mfukoni nitamjua kwa uzito tu.

Hakucheka. Siku zote hapo hucheka.

Daftari hili ni la karakana. Kurasa za mbele zimejaa mota za watu — pampu ya kisima, nguvu ya farasi wawili, imeungua upande mmoja. Kurasa za nyuma tupu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka siku hizi, mota haziji tena, basi najiandikia haya. Niliishia darasa la sita. Anayecheka herufi zangu ajiulize nani kamtuma asome.

Jumatano, 8 Machi

Kitanda kikubwa mno. Upande wake nimeweka boksi la nyaya na beringi za zamani, godoro lisije likadhani amekufa.

Baada ya chakula cha mchana nimeenda kumgongea. Ni saa ya kulala kidogo, miaka yote tunalala wawili. Kasema kupitia mlango, nenda zako Fundi, mimi nasikiliza redio. Redio ilikuwa imezimwa.

Ijumaa, 10 Machi

Nimembadilishia bandeji. Hiyo ni kazi yangu, Kitindamimba huja Jumamosi tu.

Kizazi walikitoa miaka miwili iliyopita, na saratani ndani yake. Tukadhani biashara imekwisha. Mwaka huu ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, kandokando ya mshono wa zamani, ikaanza kuota vinundu. Kwanza viwili kama punje za mahindi. Leo kumi na kimoja. Daktari wa kwanza alisema ni mbegu za ile ile saratani, zimejitokeza kwenye ngozi. Mimi nimewaita wapangaji. Wameingia bila mkataba, wanavujisha maji, wanachafua nyumba ya watu! Mkubwa wao, Mwenyekiti, ni kama kizibo cha chupa na anatoa damu ukimtazama vibaya.

"Mwenyekiti leo kanuna," nikamwambia.

"Mwambie ahame."

"Notisi nimeshampa. Anasema anasubiri watoto wamalize shule."

Akacheka kidogo, akajishika tumbo. Kucheka kunamuuma. Halafu akageuzia uso ukutani akasema, wewe unaweza kufanya mzaha kwa sababu huna pua. Ungekuwa nayo ungenihamisha mwenyewe.

Sasa niandike ukweli, maana hapa sipo na mtu. Nasikia. Nasikia vizuri sana. Pua yangu haikufa, ilizimia tu, nilipoacha karakana ikazinduka. Harufu ni nzito, kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo wiki nzima. Nikimaliza bandeji natoka uani, navuta hewa, narudi na mzaha mpya. Siwezi kumwambia. Nikimwambia leo nasikia, kesho atahama hatua tisini.

Jumatatu, 13 Machi

Hospitali kubwa. Daktari mpya — kibinti kifupi, miwani mikubwa, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kamwita Meneja "mama", mimi kaniita "mzee wangu". Kamkagua taratibu, kila kinundu kakipima kwa rula, kaandika. Hakukunja uso hata mara moja. Hapo nikampenda.

Akasema kuna njia ya kutibu hivi vya kwenye ngozi. Dawa ya saratani inapitishwa kwenye mshipa, kidogo tu. Wanasubiri dakika nane isambae. Halafu kila kinundu kinachomekwa sindano zilizopangwa kama meno ya kitana, na umeme unapita.

Meneja kasikia "umeme", kashika mkoba wake.

Mimi nikaamka kama niliyeitwa jina! Volti ngapi? Daktari kasema mia saba na kitu. Mia saba! Mawimbi ya namna gani? Akanitazama. Mzee wangu ni fundi umeme? Nikamwambia msuka mota. Akavuta karatasi akanichorea — mapigo manane, mraba mraba, kila pigo fupi kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Nikasema, kwa hiyo hakiungui kitu, hakuna muda wa kupata moto. Akasema, hasa! Umeme hauchomi, unafungua. Ngozi ya seli inaachia kwa kitambo kidogo, dawa inapenya, inajifunga tena na dawa imo ndani. Bila umeme dawa hii inazunguka nje tu.

Yule mtoto ni fundi. Nasema mimi.

Kisha akasema la pili, bila kuzungukazunguka. Hii haiondoi saratani yote. Kama kuna kitu ndani, kitabaki, kitaangaliwa kwa njia nyingine. Hii ni ya kukausha vya juu. Damu, maumivu, harufu.

Meneja hakusikia mengine yote. Aliuliza swali moja tu la siku nzima. "Harufu itaisha?"

Daktari kasema kwa wengi inapungua sana. Kuahidi haahidi.

Wamempima mapafu na figo. Wameuliza kama ana kifaa cha umeme moyoni. Nikasema moyoni ana mimi. Sista kacheka, Meneja kanikanyaga.

Jumanne, 14 Machi

Hataki.

Kasema mwaka ule umeme wa kiwanda cha unga uliponirusha hadi kwenye pipa la vanishi, nani alikuwa kaniletea chakula? Yeye. Nani kanikuta chali, nywele zimesimama, kiatu kimoja hakipo? Yeye. "Umeme ulitaka kuniacha mjane, Fundi. Leo unataka niufuate mwenyewe kitandani kwake?"

Kile kiatu hakijaonekana mpaka leo.

Alhamisi, 16 Machi

Leo nimefanya somo. Mchana, mlangoni kwake.

Nikagonga. Nikamwambia, Meneja, sikiliza, wewe ni seli mbaya. Kasema na wewe ni nani? Nikasema mimi ni dawa. Nagonga, nazunguka nje, hunifungulii. Sasa umeme ni kama mtu wa kufungua kitasa — mlango unaachia, mimi chwi! nimo ndani, mlango unajifunga, umenifungia humo humo. Basi umekwisha.

Sauti kutoka ndani:

"Ndiyo maana sikufungulii."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye korido. Naye nikamsikia anacheka na kuugulia, anacheka na kuugulia. Nikamwambia umeme ule wa kiwandani ulikuwa mbwa asiye na mnyororo. Huu umefungwa, unaruka pale pale unapoambiwa. Mimi nimeuona kwenye karatasi. Ningekuwa sijaelewa ningekuficha chini ya kitanda.

Kasema, utakuwepo? Nikasema nitakuwa mlangoni, si ndipo unaponiweka siku hizi?

Kasema sawa. Jumatatu.

Jumapili, 19 Machi

Nimefanya jambo.

Karatasi ya hospitali imeandikwa: asile kuanzia usiku, aoge, aondoe vito vyote. Vito! Chuma na umeme mimi sihitaji kuandikiwa. Hereni zimetoka. Bangili imetoka. Pete ya ndoa — haitoki. Kidole kimevimba fundo, pete imekaa humo miaka arobaini na minane. Sabuni, hapana. Mafuta ya kula, hapana. Tukavuta mpaka akanitukania ukoo.

Nikamwambia siwezi kukupeleka kwenye volti mia saba na mduara wa dhahabu kidoleni. Nikaleta koleo la kukatia waya. Mkono unatetemeka, nikaushika kwa mkono wa pili. Yeye akafumba macho. Tak!

Imekatika. Nimeipanua, nimeitoa. Kidoleni pamebaki pete nyingine, ya ngozi nyeupe.

Hakulia. Kasema, "Basi tena. Sasa mimi na wewe hatujuani."

Jumatatu, 20 Machi

Saa mbili asubuhi tumefika. Sista yule aliyecheka — mwanamke mnene, mikono myepesi — kamuuliza Meneja, hakuna pete? Meneja kaninyooshea kidole. Kile kile.

Nikaeleza. Sista kashika kiuno. "Babu! Si ungezungusha uzi tu! Unaupitisha chini ya pete, unaviringisha kidole chote, unafungua taratibu, pete inatoka yenyewe. Hata ikigoma, tungeifunga plasta tu, basi."

Kuviringisha uzi.

Mimi! Miaka arobaini kazi yangu duniani ni kuviringisha waya! Mizunguko mia na ishirini kwa kila koili, bila kukosea! Na halikunijia! Nimekata!

Meneja akaanza kucheka pale kwenye kitanda cha magurudumu. Wakamsukuma anacheka. Mlango ukajifunga bado nasikia kicheko. Basi angalau kaingia hivyo.

Kabla ya hapo daktari alinionyesha mashine kutoka mlangoni. Sanduku kama friji dogo, lina kioo, lina pedali ya mguu. Safi sana. Nikatamani kuifungua nione ndani.

Nimekaa kwenye benchi. Nikasimama. Nikaweka kiganja ukutani, kama nilivyokuwa nikiiwekea mota kiganja kujua kama inazunguka sawa. Ukuta haukuniambia kitu. Nikaendelea kukiacha hapo hapo. Mfagiaji kapita, kaniuliza mzee unasukuma nyumba? Nikasema naizuia isianguke.

Nimesubiri hivyo saa moja na dakika kumi. Daktari katoka kavua kofia. Kasema wote kumi na mmoja wamepigwa. Mwenyekiti mara tatu.

Jumanne, 21 Machi

Tumerudi. Anakumbuka dawa ya usingizi na sista kumwambia ahesabu, akafika tatu, basi. Tumbo linauma kama ametandikwa. Masharti: asijikune, asibandike plasta ya gundi, ngozi itabaki na mistari myeusi. Wapangaji wamevimba, wamekuwa wekundu. Wamekasirika. Vizuri.

Kalala chumba cha Kitindamimba.

Alhamisi, 23 Machi

Kaniita mpumbavu mara nne kabla ya chai. Maumivu yamepungua!

Jumatano, 5 Aprili

Wamekuwa weusi! Wanakauka, wanajikunja pembeni kama ngozi ya maharage yaliyokaa juani. Wawili wadogo wamedondoka wenyewe na bandeji. Mwenyekiti kavaa gamba gumu, damu hakuna, siku nne sasa.

Na jambo lenyewe ni hili. Leo nimefungua bandeji nikajiandaa kama kawaida, nikavuta pumzi kwa mdomo. Kisha nikajaribu pua. Kidogo tu. Nusu! Zaidi ya nusu imekwenda! Nikataka kupiga kelele mpaka majirani waje!

Nikafunga mdomo. Mtu aliyezika pua yake anatangazaje habari hiyo?

Yeye kaniuliza, vipi? Nikasema wanakauka. Kasema hilo naona, nauliza lile lingine. Halafu kajijibu: "Namuuliza nani, masikini."

Jumamosi iliyopita alimuuliza binti yake. Kitindamimba kasema mama, hakuna harufu kabisa. Meneja hakumwamini. Kasema watoto wanadanganya kwa huruma, na baba yao hana kiungo cha kusema kweli. Nikageukia dirisha. Nimejisuka mwenyewe humo, sioni ncha ya waya ilipo.

Jumamosi, 15 Aprili

Pete.

Wiki mbili nimejaribu. Kuunganisha dhahabu ni kitu cha dakika tano, lehemu ya fedha na moto mdogo. Lakini moto uko mkono wa kulia, na mkono unacheza ngoma peke yake. Mara ya kwanza lehemu ikadondokea suruali. Mara ya pili pete ikarukia chini ya kabati, nikaitafuta kwa magoti nusu siku. Leo nimefunga kifundo cha mkono kwenye meza kwa mpira wa tairi, nikaacha vidole tu nje. Nikashusha pumzi. Ikakamata!

Nimeiongezea kipande kidogo ipite fundo. Nimepiga msasa. Umebaki mstari mweupe pale ilipoungana, hautoki.

Nikampelekea mlangoni. Kaigeuzageuza kwenye mwanga. Kaona ule mstari. Kaweka kidole juu yake.

"Imekuwa kama mimi," kasema.

Kaivaa? Hapana. Kaiweka kwenye kibakuli cha hereni. Kasema ataivaa atakapomaliza kunuka. Nikamwambia lakini — nikaishia hapo. Lakini nini, Fundi? Lakini hakuna kitu.

Kwenye bandeji leo sikusikia chochote. Sabuni tu. Na yeye.

Jumanne, 2 Mei

Kliniki. Daktari na rula yake. Tisa wamekwenda, pamebaki madoa ya kahawia. Mwenyekiti naye yumo kwenye tisa, pahali pake pana kishimo kisafi kinachoota ngozi mpya. Wawili bado wapo, wamekonda lakini wapo. Daktari kasema wanaweza kupigwa tena mwezi ujao, mama akikubali. Skani ya ndani ni wiki ijayo. Hapo sauti yake ilishuka kidogo, ni mtoto mkweli. Meneja kasema tutaona.

Nje nikamwambia tisa kati ya kumi na mmoja, mimi karakana yangu haikuwahi kupata alama hizo. Kasema bado wawili. Nikasema hao wawili ni wazee, hawana pa kwenda, tuwahurumie hadi mwezi ujao. Kanishika mkono kuvuka barabara. Tulipofika ng'ambo kaniachia. Alichelewa kidogo kuachia.

Mchana nimemgongea. Redio, kasema.

Alhamisi, 4 Mei

Nimeharibu! Au nimetengeneza. Naandika haraka.

Mchana huu tulikuwa sebuleni. Yeye anashona kifungo, mimi nasafisha miwani. Jikoni aliinjika maziwa, akayasahau. Mlango wa jikoni umefungwa, hakuna moshi, hakuna sauti. Na mimi, mjinga mimi, nikainua kichwa nikasema:

"Meneja, maziwa yanaungua!"

Akainuka upesi. Hatua tatu. Akasimama. Akageuka taratibu kama mtu aliyesahau kitu.

"Umejuaje?"

Nikatazama dari. Nikasema nimehisi joto. Kasema joto gani, umbali huu? Nikasema nimesikia yanachemka. Kasema wewe ambaye mlango nikiugonga kwa nyundo husikii?

Maziwa yakaendelea kuungua. Wote wawili tukawa tunayanusa.

"Tangu lini?"

Nikarudi kusafisha miwani.

"Fundi. Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwanzo. Tangu wapangaji walipokuwa wawili. Kila siku ya bandeji. Kila siku niliyokugongea mchana nilikuwa nasikia, na niligonga.

Macho yake yalijaa, au ni moshi, maana sasa ulikuwepo. Akauliza polepole sana — na leo? Nikamwambia leo kuna maziwa, kuna ile sabuni yako ya kijani, na tangu katikati ya mwezi uliopita hakuna kingine, naapa kwa mkono huu unaotetemeka, nimebeba habari hiyo wiki tatu kama mwizi aliyekosa mnunuzi!

Akaingia jikoni. Nikasikia sufuria inaburuzwa, inatiwa maji, tsss. Nikasikia ananiita mwongo. Mwongo mkubwa. Mzee mwongo asiye na haya. Mara nyingi, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Nimekuja chumbani. Nimekaa upande wangu, nimefungua daftari. Nyumba nzima inanuka maziwa.

Sasa mlango wa chumba cha Kitindamimba umefunguliwa. Kandambili zake. Nahesabu, sijui kufanya jingine. Nne. Tano. Kuna kitu kidogo kililia kwenye kile kibakuli cha hereni kabla hajatoka, kama chuma kwenye udongo. Saba. Nane.

Yuko mlangoni. Kwa miwani hii ya kusomea naona ukungu tu, ukungu mfupi mnene wenye kitu mkononi. Ama mto, ama mwiko. Sithubutu kuuliza.

Kasema, "Hizo nyaya upande wangu ni za nini?"

Upande wangu, kasema. Upande WANGU! Ngoja niweke kalamu, boksi lenyewe zito, beringi zote zimemwagika!